Taarifa kwa Umma ya Mtani: Juu ya Matangazo ya Utani wa Kandanda

Makala haya yanahusu aina moja ya maandishi mafupi ambayo wanafunzi wetu huyasoma kila siku katika simu zao, huyacheka, huyapeleka kwa wenzao, na aghalabu huyatunga wao wenyewe, lakini ambayo ni nadra kutajwa darasani. Maandishi hayo ni matangazo ya utani kuhusu klabu ya kandanda: taarifa inayojifanya imetolewa na uongozi wa klabu, tanzia ya timu iliyofungwa, hukumu ya mahakama juu ya mlinda mlango, tangazo la kitu kilichopotea, na mengineyo ya jinsi hiyo. Tunakusudia kueleza yalikotoka, yanavyotungwa, na kwa nini baadhi yake huchekesha ilhali mengine huzua fitina.

Mfano wetu mkuu utatoka Dar es Salaam, kwa Simba na Yanga, kwa kuwa huko ndiko sanaa hii ilikostawi kwa lugha ya Kiswahili tangu ofisini hadi barazani. Kisha tutarudi nyumbani Lubumbashi, ambako Mazembe na Lupopo wanatupa mfano wa namna nyingine.

Utani kabla ya simu

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya kicheko kinachomlenga mtu: mzaha, masihara, dhihaka, kejeli, kebehi, stihizai. Yote hayo hutaja tendo la kusema. Utani ni kitu kingine, kwa kuwa kabla ya kuwa maneno ni uhusiano. Huwezi kumtania asiye mtani wako. Ukijaribu, ulichofanya kitaitwa tusi. R. E. Moreau, aliyechapisha makala juu ya utani wa Tanganyika katika jarida la Africa mwaka 1944, alionyesha jinsi makabila yaliyowahi kupigana, au yaliyokutana katika safari za misafara, yalivyofungamana kwa haki hiyo ya kudhihakiana bila chuki. Miaka minne kabla yake, katika jarida hilohilo, A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameueleza uhusiano wa namna hiyo kuwa una pande mbili: mmoja ana ruhusa ya kudhihaki, na mwenzake ana wajibu wa kutokasirika.

Jambo moja katika utani huo wa zamani linahitaji kukaziwa, maana tutalirejea. Mtani alikuwa na kazi msibani. Alisaidia kuchimba kaburi na kuzika, na wakati uleule aliiga sauti na mwendo wa marehemu, akajilaza kaburini, akadai fedha ndipo maziko yaendelee. Waombolezaji walicheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna aliyemwuliza amepata wapi ujasiri huo, kwani jembe lilikuwa mkononi mwake.

Chanzo cha pili ni ngoma za mashindano. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki, alieleza habari za Beni, ngoma iliyoanza katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa Tanganyika na kwingineko. Vyama vyake viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa gwaride, kwa nyimbo za kusutana, na zaidi ya yote kwa vyeo. Kila chama kilikuwa na mfalme wake na majenerali wake, kana kwamba serikali nzima ya mkoloni imehamia uwanjani kucheza. Ngoma hiyo ilifika hadi miji ya shaba. J. Clyde Mitchell, aliyeandika juu ya ngoma ya Kalela katika Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1956, aliihesabu Kalela kuwa mrithi wa Beni, na ndani yake alimkuta mfalme, daktari na muuguzi, pamoja na nyimbo za kutania makabila mengine ya mjini. Hivyo basi, kuvaa sare ya ofisi ili kumcheka jirani si uvumbuzi wa vijana wa leo. Babu zao walivaa kofia ya gavana. Wao wanavaa karatasi yenye nembo na mhuri.

Tangazo lenyewe

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya wenzao walikuwa na klabu yao nyingine, ambayo ilibadili jina mara kadhaa, ikaitwa Sunderland kwa muda mrefu, na hatimaye ikawa Simba mwaka 1971. Makao ya klabu hizo, Jangwani na mtaa wa Msimbazi, yako karibu mno. Ujirani huo ni sehemu ya ugomvi wenyewe. Magazeti huwaita watani wa jadi, na wasemaji wamelipokea jina hilo bila kuuliza jadi gani isiyofikia hata miaka mia moja. Lakini jina lina maana yake. Jamii ya mjini, iliyokusanya watu wa makabila yasiyokuwa na utani baina yao, ilijipatia utani mpya kwa njia ya mpira: mtu hachagui tena kwa ukoo bali kwa rangi ya jezi, na akishachagua, ana watani nusu ya mji.

Majina ya kutaniana yapo tele. Wapenzi wa Simba waliitwa Mikia, na siku hizi Makolo; wale wa Yanga waliitwa Kandambili, na siku hizi Utopolo, au Vyura, kwa kuwa Jangwani ni bonde ambalo mvua ikizidi hujaa maji. Matokeo makubwa nayo ni ghala lisilokwisha. Mwaka 1968 Yanga iliifunga Simba 5–0. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ililipa kwa 6–0, na tarehe 6 Mei 2012 ikaongeza 5–0. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilishinda 5–1, na siku mbili baadaye kocha wa Simba akaachishwa kazi.

Tuichukue siku hiyo ya mwisho. Tangazo lifuatalo tumelitunga sisi kwa ajili ya makala haya, kwa kufuata desturi ya watani, kana kwamba mpenzi wa Yanga analiandika jioni ileile:

“TAARIFA KWA UMMA. Uongozi wa klabu unasikitika kuwaarifu wanachama, wapenzi na majirani kwamba safu yetu ya ulinzi iliondoka nyumbani siku ya Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023, ikielekea uwanja wa Benjamin Mkapa, na hadi tunatoa taarifa hii haijarejea. Mara ya mwisho ilionekana ikiutazama mpira unapita. Yeyote atakayeiona asiikimbize, kwani haina mazoea ya kukimbia. Atoe taarifa kwa mlinda mlango wetu, ambaye ameachwa peke yake na ana watoto watano wa kulea. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Imetolewa na: Katibu Mkuu, Idara ya Masikitiko.”

Nini kinachochekesha hapa? Si habari ya kufungwa, kwa sababu kila msomaji anaijua tayari. Kinachochekesha ni Kiswahili cha ofisi. Mtanzania amekua ndani ya lugha hiyo: ameisikia redioni, ameisoma katika ubao wa matangazo wa shule na wa zahanati, ameiandika mwenyewe katika barua ya kuomba kazi. “Unasikitika kuwaarifu”, “hadi tunatoa taarifa hii”, “tunaomba radhi kwa usumbufu” ni vipande ambavyo sikio lake hulitambua jambo zito kabla hajajua ni jambo gani. Mtani huviazima vipande hivyo bila kuvigusa. Anayebadilika ni mhusika: mahali pa mtoto aliyepotea, au mzee aliyetoka nyumbani akiwa amevaa koti jeusi, pameketi safu ya ulinzi.

Ndiyo sababu mtunzi mzuri hacheki. Matangazo mengi mabovu huharibika katika mstari wa kwanza, mtunzi anapotia alama za kicheko, herufi za kelele na matusi kabla msomaji hajaingia mlangoni. Ofisi haicheki, na mwigo wa ofisi haucheki. Neno “majirani” limepenyezwa katika sentensi ya kwanza kama kokoto ndogo katika mchele. Msomaji analihisi lakini anaendelea kutafuna. Sentensi ya pili inamfungulia mlango. Zilizobaki ni zawadi.

Tazama pia kwamba karibu kila kilichoandikwa ni kweli. Siku ni kweli, tarehe ni kweli, uwanja ni kweli, hesabu ya tano ni kweli. Jambo moja tu ndilo la kubuni, nalo ni kuifanya safu ya ulinzi kuwa mtu aliyepotea. Kutokana na jambo hilo moja mambo mengine yote hufuata kwa mantiki kavu. Watoto watano wa kulea hawakuletwa ili kuongeza kichekesho. Wanatokana na hali ya mlinda mlango aliyetelekezwa. Mtunzi anayeleta mambo matatu au manne ya kubuni kwa pamoja, mara timu imepotea, mara imekufa, mara imeolewa, huwa anamchosha msomaji wake.

Lugha yenyewe humsaidia mtani kwa ukarimu usio wa kawaida. Kitenzi kufunga ni hazina. Anayetia goli anafunga, anayetiwa anafungwa, na anayefungwa, katika Kiswahili hichohicho, yumo gerezani. Kutokana na neno hilo moja hukumu nzima ya mahakama hujiandika: mshitakiwa amefungwa tano, bila dhamana, na rufaa yake itasikilizwa katika duru la pili. Mwezi wa Ramadhani ukifika, kitenzi kilekile hugeuka tena, kwa kuwa kufunga ni kutokula, na upo utani wa timu inayofunga mwaka mzima na ya jirani anayefungwa tu. Mkono ni vidole vitano. Kwa hiyo mshindi wa 5–0 hudai kwamba amempa mwenzake mkono wa heri. Wavu wa goli ni wavu wa mvuvi, na baada ya kipigo mlinda mlango hupokea pongezi za wavuvi wa soko la Feri kwa kuvua vitano katika dakika tisini. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini utani hautafsiriki na alijaribu tangazo la kufungwa kwa Kifaransa. Goli litabaki, gereza litatoweka.

Uongo usiowezekana

Sasa tufikie kiini cha mambo. Tangazo la utani ni uongo. Halina budi kuwa uongo. Swali ni uongo wa namna gani, na hapa tunaona kwamba kanuni moja ina uzito kuliko zote: uongo wa mtani uwe ule usiowezekana.

Mtu akiandika, juu ya karatasi yenye nembo ya klabu, kwamba klabu imevunja mkataba na mshambuliaji wake, hajatania. Jambo hilo linaweza kutokea, hutokea kila msimu, na wapo watakaoliamini: mchezaji mwenyewe, jamaa zake, mwenye nyumba anayemdai kodi. Huo ni uzushi uliovaa sare. Akiandika kwamba klabu imembadilisha mshambuliaji huyo kwa tenga la nyanya na salio litalipwa kwa vitunguu, ametania, kwa kuwa hakuna ofisi duniani inayoweza kutoa taarifa hiyo. Baina ya mifano hiyo miwili hakuna tofauti ya karatasi, ya nembo wala ya lugha. Tofauti iko katika kitu ambacho tungependa kukiita ufunguo, yaani lile neno au kile kifungu kinachomwambia msomaji kwamba nyumba aliyoingia ni ya mzaha.

Ufunguo ukae wapi? Wengi huuweka mwishoni, katika mstari wa sahihi, au nje kabisa ya tangazo, katika maneno yanayoiambatana picha. Hapo ndipo hatari ilipo. Katika WhatsApp picha husafiri bila maneno yake. Mtu huikata, huipunguza, huipeleka kwa shangazi yake aliyeko kijijini ikiwa imebaki kichwa na aya ya kwanza. Kwa hiyo ufunguo hauna budi kuwa ndani ya mwili wa tangazo, mapema, na ikiwezekana mara mbili. Nembo nayo isiigwe jinsi ilivyo. Simba mwenye mkia mrefu kupita kiasi, au mhuri wa Idara ya Masikitiko, hufanya kazi mbili: huchekesha, na humzuia mtu kusema kwamba alidanganywa.

Kuna nyakati ambazo hata hilo halitoshi, kwa kuwa ukweli wenyewe umeanza kufanana na utani. Mechi ya Simba na Yanga ya tarehe 8 Machi 2025 ni ushahidi. Simba walitangaza kwamba hawatacheza, kwa madai kwamba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani mkesha wa mechi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku ileile. Yanga wakapinga, wakaenda uwanjani. Mechi ilichezwa tarehe 25 Juni, na Yanga wakashinda 2–0. Katika siku kama ile ya Machi, taarifa za kweli zenye nembo na sahihi hutoka moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa ya ajabu kuliko iliyotangulia. Mtani mwenye busara hunyamaza siku hiyo, au hukimbilia aina nyingine ya maandishi, kwa mfano tanzia au tangazo la nyumba ya kupanga, maana taarifa kwa umma haina tena nafasi ya mwigo.

Mtani asiyejulikana

Tulisema kwamba utani ni uhusiano. Mtaani Kariakoo uhusiano huo unaonekana kwa macho: unamjua jirani yako ni wa Yanga, naye anakujua, na kesho mtanunua chapati kwa mama yuleyule. Simu imeyaondoa macho hayo. Tangazo lililotungwa kwa ajili ya jirani humfikia mtu asiye mtani wa yeyote, naye halazimiki kutokasirika.

Sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya kulijua jambo hili. Tarehe 13 Aprili 2019 Mazembe waliifunga Simba 4–1 katika uwanja wao wa Kamalondo, baada ya sare ya 0–0 Dar es Salaam, na Simba wakatolewa katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Miaka minne baadaye, katika Kombe la Shirikisho, Yanga waliifunga Mazembe 3–1 kwao, kisha 1–0 hapahapa tarehe 2 Aprili 2023. Na hao Yanga walikuwa wakiongozwa mbele na Mkongo, Fiston Mayele, aliyetoka AS Vita Club mwaka 2021, ambaye mtindo wake wa kutetema baada ya goli uliigwa nchi nzima, na ambaye alimaliza shindano hilo akiwa mfungaji bora kwa magoli saba. Hebu fikiri hali ya mpenzi wa Mazembe. Mshambuliaji ni ndugu yake. Klabu si yake. Kicheko kinakuja kwa Kiswahili anachokielewa, lakini kutoka kwa watu ambao hajafunga nao utani wowote. Je, acheke? Mpenzi wa Simba angeweza kucheka pamoja na Mazembe dhidi ya Yanga, au kucheka pamoja na Yanga kwa kulipiza yale ya 2019. Hakuna jadi inayoamua. Katika hali hiyo ufunguo ulio ndani ya tangazo ndio ruhusa pekee aliyo nayo mtani.

Nyumbani kwetu utani upo, na umri wake unalingana na ule wa Dar es Salaam. Mazembe na Lupopo wote wawili walianza mwaka 1939. Mazembe, waliokuwa Englebert walipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, ni Kunguru, kwa rangi zao nyeusi na nyeupe. Lupopo ni watu wa reli. Lakini ufundi wa matangazo yetu ni tofauti, na tofauti hiyo inastahili kutazamwa na wanafunzi wa isimujamii. Dar es Salaam, ofisi na baraza huzungumza lugha moja, na kicheko hutokea baina ya rejista mbili za lugha hiyo. Lubumbashi, ofisi huandika Kifaransa. Kwa hiyo mtani wetu huanza kwa Kifaransa kilichonyooshwa kwa pasi, na ufunguo wake ni kule kugeuka kwa ghafula na kuingia Kiswahili cha mjini. Mwaka 2019, miaka kumi na saba baada ya Lupopo kutwaa ubingwa wa taifa wa 2002, mtani wa Mazembe angeweza kuandika hivi:

“AVIS AUX VOYAGEURS. La direction a l’honneur d’informer son aimable clientèle que le train du championnat, parti en 2002, accuse un léger retard. Treni iko inakuya, mungoye tu.”

Sentensi ya Kifaransa ingeweza kubandikwa kituoni na hakuna ambaye angeshtuka, isipokuwa kwa tarehe. Kiswahili kinachofuata hakisahihishi kitu wala hakitafsiri; kinatoa sauti ya mtu anayetujua. Msomaji wa Kinshasa asiyejua Kiswahili ataelewa kejeli lakini hatausikia ule wema uliomo katika “mungoye tu”, na bila wema huo tangazo ni kejeli kavu. Nao Lupopo hawakosi cha kujibu. Kunguru wa Mazembe anasubiriwa na methali ya pwani inayosema kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na kila mlinzi wa pembeni aliyewahi kuukwepa mpira anajua methali hiyo imemhusu nani.

Lipo lingine ambalo watunzi wa kwetu hawana budi kulizingatia kuliko wenzao. Viongozi wa klabu zetu mara nyingi wamekuwa wanasiasa, na tangazo linalomtaja kiongozi huweza kusomwa kama tamko la chama au la jimbo. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali inayoadhibu uenezaji wa habari za uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao ya kijamii, na Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yenye kusudi linalokaribiana na hilo. Sheria haijui utani. Hakimu akiletewa karatasi yenye nembo, mhuri na jina la mtu aliye hai, atauliza kama habari ni ya kweli au ya uongo. Itakuwa kazi kubwa kumweleza habari za Beni. Ndiyo maana tunashauri tangazo lilenge timu, matokeo na majigambo ya klabu, na majina ya watu yabaki nje.

Na yapo mambo ambayo hata ufunguo bora hauwezi kuyafungulia. Tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, mechi ya V.Club na Mazembe iliishia kwa vurugu na msongamano, na watu zaidi ya kumi walipoteza maisha. Mtu aweza kusema kwamba mtani wa zamani alitania msibani, tena mbele ya maiti. Ni kweli. Lakini yule alikuwa amekuja na jembe. Alicheka akiwa amelowa jasho la kaburi, mbele ya wafiwa waliomjua, na kesho yake alirudi kuwaletea chakula. Mtunzi wa tangazo la simu hachimbi, hapiki, wala hajulikani anakaa wapi. Tanzia ya timu na aiandike apendavyo. Maiti ya mtu si yake.

Jibu

Imebaki sifa moja ambayo wageni huisahau. Utani hudai jibu, na mtani asiyejibiwa huhisi kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu. Jibu zuri halianzishi tangazo jipya. Huingia ndani ya lile la kwanza, huyakubali masharti yake yote, na kuyarudisha kwa mwenyewe. Tangazo letu la safu ya ulinzi lilimwacha mlinda mlango wa Simba na watoto watano. Mpenzi wa Simba hana haja ya kukana. Naye pia ana ofisi:

“OFISI YA USTAWI WA JAMII, MTAA WA MSIMBAZI. Tumepokea tangazo lenu kuhusu watoto watano, na tunashukuru kwa kutujali. Hata hivyo, kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba tarehe 19 Julai 1977 ninyi mlipokea watoto sita kwa siku moja, na tarehe 6 Mei 2012 mkapokea wengine watano, na matunzo yao hayajawahi kuletwa katika ofisi hii. Jumla yao ni kumi na mmoja. Kwa kuwa idadi hiyo inatimiza timu, ofisi inashauri muwasajili.”